Super 8: mdomo unamaliza kabla ya sauti, na nimebakiwa na katriji 4 tu

Binti_Ngamiani

Wakuu heshima kwenu, na wakubwa zangu shikamooni.

Mi niko Tanga mjini, Ngamiani. Natengeneza filamu fupi ya kama dakika 8 kwa Super 8 (ile filamu ya utepe ya milimita 8, inakuja kwenye katriji), watu wawili tu, mama muuza vitumbua na mwanae aliyerudi toka Dar baada ya miaka mingi kimya, wanaongea asubuhi moja jikoni mpaka unga unaisha kwenye sufuria. Hakuna kingine. Filamu nzima iko kwenye maongezi, yule mama anaongea Kiswahili chetu cha huku, anakata neno katikati, anageuza kitumbua, halafu ndo anamalizia sentensi, hiyo kitu huwezi kuirudia siku nyingine ndani ya studio. Ndo maana nimeng'ang'ania sauti irekodiwe palepale na ilingane na mdomo.

Kamera ni Nizo ya mjomba wangu, alikuja nayo toka Ujerumani, haina sehemu ya kurekodi sauti. Kwahiyo sauti narekodi pembeni kwa rekoda ndogo, tunapiga klapa ya mbao, kisha kwenye kompyuta naunganisha mlio wa klapa na fremu, yani ile picha moja moja ya filamu, ambayo mbao zinagusana. Nilinunua katriji 6. Kila moja ina mita 15 za filamu, kwa fremu 24 kwa sekunde inakwisha kwa dakika 2 na nusu. Nimetumia 2, nikazituma Ulaya kusafishwa na kuskaniwa, faili zimerudi wiki iliyopita.

Picha nzuri mpaka nililia, ule moshi wa kuni na mwanga wa asubuhi unaopita kwenye makuti, acha kabisa. Lakini sauti haikai. Pale kwenye klapa inalingana sawasawa, nikienda mbele kidogo mama anafunga mdomo na maneno bado yanakuja. Ikifika mwisho wa shoti ni kama filamu ya kichina iliyotafsiriwa.

Wengine wananiambia kamera imezeeka nitafute nyingine. Hela ya kamera nyingine sina, na katriji zimebaki 4, yani dakika 10 kamili za filamu basi. Kuna mwenye kujua hii kitu anishike mkono kabla sijapiga tena?

Sauti_Kwanza

Pole dada na hongera pia, sio wengi wanaothubutu. Kabla hujailaumu kamera jibu haya matatu.

Moja, kwenye sekunde ya 10 toka klapa picha imetangulia fremu ngapi? Na kwenye ya 20? Hesabu, usikisie. Tafuta herufi za kufunga midomo, p, b, m, hapo ndo utaona vizuri.

Mbili, faili la maabara ukiangalia taarifa zake limeandikwa fremu ngapi kwa sekunde?

Tatu, betri gani uliweka?

Binti_Ngamiani

Ahsante kaka. Nimehesabu kwa neno "mbona", lile analirudia sana. Sekunde ya 10 picha imetangulia kama fremu 10. Sekunde ya 20 ni fremu 20, labda 21. Faili linasema 25. Betri ni zile nyekundu za dukani, za bei rahisi, zinaingia 6.

Yani kila sekunde fremu moja??

Sauti_Kwanza

Ehee. Hiyo ndo nilikuwa naisubiri.

Mota ikichoka haifanyi makosa ya kunyooka namna hiyo, fremu moja kila sekunde bila kukosea. Hilo ni kosa la hesabu. Wewe ulipiga fremu 24 kwa sekunde, maabara wamekuandikia faili lichezwe kwa 25 kwa sababu ndo spidi ya televisheni ya Ulaya, na huku kwetu pia. Hakuna fremu iliyopotea wala kuongezwa, zinachezwa haraka tu kwa asilimia 4 na kidogo, na sauti yako haijaguswa kwahiyo inabaki nyuma. Sekunde 10 za kweli zinaonekana ndani ya sekunde 9.6.

Dawa yake: kwenye programu ya kuediti bonyeza lile faili, nenda kwenye sifa zake, iambie ilisome kama 24. Angalia hapo, usilibadilishe kuwa 24 maana programu nyingine itaanza kufuta fremu ama kuzichanganya na utapata picha inayorukaruka. Ni kulisoma tu upya, zilezile fremu, moja baada ya moja. Na projekti yenyewe ifungue kwa 24 kamili, sio 23.976. Tofauti yao kwa shoti ya sekunde 40 ni fremu moja hivi, ndogo, ila ya nini uibebe. Sauti rekodi kwa 48 kHz (ni mpangilio uko kwenye rekoda) siku zote na usiiguse.

Ukishafanya hivyo rudi uhesabu tena. Naamini kutabaki kosa dogo, na hilo dogo ndo la kamera sasa. Kamera kama hiyo haina kristali ya kuishikilia mota kwenye spidi moja, inakwenda 24 kwa makadirio. Ikienda 23.7 kwa mfano, kwenye shoti ya sekunde 30 umeshapoteza fremu 9. Kwenye shoti ya sekunde 10 ni 3 tu. Umeona? Kamera ileile, shoti fupi, kosa dogo.

Na kuanzia sasa piga klapa mara mbili, mwanzo na mwisho wa shoti. Ya mwisho inashikwa kichwa chini ili kwenye kuediti ujue ni ya mwisho. Kama mbao zinakula filamu yako, mtu apige kofi moja mbele ya lenzi inatosha kabisa. Klapa ya mwanzo inakuambia shoti inaanzia wapi, ya mwisho ndo inakuambia kamera ilikimbia kiasi gani. Bila ya pili unabahatisha.

Betri za bei rahisi tupa. Zile zikibebeshwa mzigo zinashuka haraka, mota nayo inashuka nazo, mwanzo wa katriji na mwisho wake unakuwa na spidi mbili. Weka alkaline mpya.

dabi_master

Mi nawashangaa jamani. Waite tena wale wahusika, kaa chumbani, weka godoro ukutani, wacheze mbele ya picha na warudie maneno. Filamu ngapi zimetengenezwa hivyo na watu wanaangalia. Kamera inalia trrrrr kama cherehani, hata ukilinganisha midomo utabaki na ule mlio.

Binti_Ngamiani

Kaka nakuelewa na najua inawezekana, ila kwa hii filamu hapana. Yule mama sio mwigizaji, ni muuza vitumbua kweli, nikimweka chumbani mbele ya skrini ataongea kama anahojiwa ofisini. Nilishamjaribu kwenye mazoezi, nilimwambia tu rudia ile sentensi, akairudia kwa sauti nyingine kabisa. Akiwa na kijiko mkononi ndo anaongea.

Ila la mlio umesema kweli, unasikika, hasa shoti za karibu. Hapo naomba msaada pia.

Kaole_Pichani

Habari zenu, mi naandika toka Bagamoyo, nimepiga vitu vichache vya Super 8 na wanangu wa sanaa hapa.

Dada mlio haumalizwi na kifaa cha gharama, unamalizwa na umbali na nguo. Kamera isogeze nyuma, uivute picha kwa zumu, kama kuna dirisha piga ukiwa nje unachungulia ndani. Halafu ifunike. Mi nimeshona mfuko wa sponji ya godoro nene kama vidole viwili, nje koti la mvua la zamani, nimetoboa lenzi, kitundu cha kuangalilia na kifyatulio. Ule mlio haupotei wote ila unakuwa kama feni ya chumba cha pili. Hakikisha tu sponji haizibi lile jicho la kupima mwanga kama la kwako liko nje ya lenzi, na usiifunike kamera ukaiacha juani, joto la huku filamu inaungua rangi.

Maiki nayo isikae karibu na kamera. Iingize karibu kabisa na mdomo, mgongo wake ndo uielekee kamera, maana maiki nyingi za kuelekeza haziskii nyuma. Sisi tunaifunga kwenye mwanzi mrefu, mtoto mmoja anaushika juu ya vichwa vya watu. Ukitaka ile ndogo ya kubana nguoni, basi nikuambie kitu kilichonitesa: tulimvalisha dada mmoja kanga mpya doti nzima, imetoka dukani na wanga wake, kila akipumua maiki inaleta mchakato kama mtu anakunja gazeti. Asubuhi nzima ya kurekodi ilipotea. Kanga ifuliwe mara mbili tatu ilainike kwanza, na maiki ipachikwe pale ambapo nguo haisuguani na nguo, mi naweka katikati ya kifua chini ya fundo.

Upepo unaujua mwenyewe, mkiwa kwenye kusi huko pwani mchana haurekodiki. Pigeni alfajiri baada ya swala, kabla bodaboda hazijaanza. Na kabla hamjaondoka kila mtu anyamaze dakika moja, rekodi ule ukimya wa jikoni, kuni zinavyolia, kuku, bahari kwa mbali. Utakuja kuutumia kuziba mapengo kila utakapokata sauti. Watu wengi wanausahau alafu wanajuta.

Katriji zako 4 weka kwenye friji, ila zitoe saa kadhaa kabla na usifungue kifuko mpaka ziwe na joto la hewa, unyevu wa Tanga utazitia jasho. Na siku ya kuzituma, kama zinapita uwanja wa ndege, omba zikaguliwe kwa mkono. Mashine mpya za mizigo ya mkononi, zile zinazokata picha kwa tabaka kama za hospitali, zinaichoma filamu ambayo haijasafishwa.

Nagra_Mzee

Wanangu hamjambo. Mimi nilikuwa msaidizi wa sauti kwenye filamu za milimita 16 enzi za ujana wangu, Tanga hii hii na mikoa mingine, nimeona mjadala nikasema nisipite kimya.

Mashine yetu ya kurekodi sauti ilikuwa Nagra, ile aliyoibuni Stefan Kudelski, Mpolandi aliyeishi Uswisi, ya kwanza ilitoka 1951. Betri kubwa 12 ndani yake, bega langu la kushoto linaijua. Zamani kabla ya kristali kamera na Nagra ziliunganishwa kwa waya. Kamera ilikuwa inatuma mapigo 50 kwa sekunde, yanaandikwa kwenye utepe uleule wa sauti, kamera ikichelewa na mapigo yanachelewa, kwahiyo baadae sauti inavutwa kufuata picha ilivyokwenda. Mpiga picha akitembea nami natembea kama mbuzi aliyefungwa kamba. Mtu akiukanyaga waya, shoti imekwenda.

Nimelileta hili kwa sababu binti anaweza kupata kitu kama hicho bure. Kamera yake inalia, sivyo? Ule mlio una kigongo kimoja kwa kila fremu, pale ukucha unapovuta filamu. Chukua simu ya pili, iweke mgusano na mwili wa kamera ndani ya huo mfuko wa sponji, irekodi muda wote. Kwenye kompyuta likuze wimbi la sauti, utaviona vigongo vimepangana. Hesabu sekunde 10. Vikiwa 240 kamera inakwenda 24 sawasawa, vikiwa 237 unajua ni 23.7. Fanya leo na betri hizo za zamani, kisha na mpya, kamera tupu kwanza halafu na katriji iliyokwishatumika ndani, hautumii hata sentimita ya filamu mpya.

La pili ni la kupiga, sio la mashine. Una dakika 10. Usiiwashe kamera mazungumzo yakianza na kuizima yakiisha. Rekoda ndo iende mfululizo, utepe wa leo hauna gharama. Mazungumzo mazima yasikike kwanza mara mbili tatu bila kamera kabisa. Wewe ukisikiliza utajua ni sentensi zipi lazima tuuone mdomo, pengine sita, pengine nane. Hizo ndo piga kwa kusinki, yaani mdomo na sauti vilingane, fupi, sekunde 8 mpaka 12. Mengine yote piga mikono, unga ukimiminwa, kijana anavyosikiliza, mgongo wa mama. Uso wa anayesikiliza hauna haja ya kulingana na sauti, na mara nyingi ndo wenye habari kuliko wa anayesema.

Msidhani Super 8 ni ya mchezo. Jirani zetu Msumbiji, mwishoni mwa miaka ya 1970, Jean Rouch, yule mtengeneza filamu Mfaransa, alifundisha vijana kutengeneza filamu kwa Super 8 pale Chuo Kikuu cha Eduardo Mondlane, Maputo. Nchi changa, vita mpakani, na walifanya.

Sauti_Kwanza

Shikamoo mzee wangu. Hiyo ya vigongo sikuwahi kuifikiria, ahsante sana.

mpenda_picha83

Samahani naingilia kidogo, kwanini asitafute tu zile kamera za Super 8 zenye sauti? Nimeona zinauzwa mtandaoni.

Sauti_Kwanza

Zilianza 1973, filamu yake ilikuwa na utepe mwembamba wa sumaku pembeni, sauti inaandikwa fremu 18 mbele ya picha yake. Tatizo katriji zake zilisimamishwa 1997, leo hupati mpya, na za zamani zimeshaharibika. Ila kamera zenyewe zinapokea katriji za kawaida, na nyingi zina mlio mdogo kwa sababu zilitengenezwa maiki ikae jirani. Kwa anayeanza kutafuta kamera, hizo sio mbaya. Kwa dada huyu mwenye kamera tayari, hela yake iende kwenye filamu.

Binti_Ngamiani

Wakuu nimerudi na majibu. Mzee shikamoo, na wote nawashukuru toka moyoni.

Nimelisoma faili kama 24. Nilikaa naangalia shoti ya sekunde 40 tangu klapa, sekunde ya 10 mdomo uko palepale, ya 20 sijaona kosa kwa macho, ya 40 ambapo bahati nzuri tulipiga kofi la mwisho (mtoto alipiga kwa furaha, hakuna aliyemwambia) picha imetangulia fremu 5. Kwahiyo kamera ilipiga fremu 955 badala ya 960, inakuja kama 23.9. Kumbe sio mbovu hata kidogo.

Jana usiku nikafanya ile ya mzee. Nimekaa kitandani na kamera imevaa sweta mbili, simu imebanwa ubavuni. Vigongo kweli vinaonekana, kama meno ya kitana. Kwa betri za zamani nimehesabu 239 mara ya kwanza na 238 mara ya pili kwa sekunde 10. Nikaweka alkaline, 240, halafu 241, halafu 240. Katriji tupu ikiwa ndani, 240. Nimerudia mpaka saa saba usiku.

Swali moja lililobaki, zile shoti za zamani zenye kosa la fremu 5 nifanyeje, nivute sauti au picha?

Sauti_Kwanza

Safi sana. Usivute chochote kama unaweza. Fremu 5 ndani ya sekunde 40 zigawanye kwenye mapumziko. Pale mama anapogeuza kitumbua na kunyamaza, kata sauti, toa fremu moja ya ukimya, isogeze sauti inayofuata, unganisha. Baada ya sentensi mbili tatu toa nyingine. Ukimya wa kuni unafanana na ukimya wa kuni, hakuna atakayesikia. Kama maneno hayana pumziko basi ongeza spidi ya sauti kwa asilimia 0.5 bila kubadilisha kimo cha sauti, nayo haisikiki.

Na maiki ikiwa mbali kidogo kumbuka sauti yenyewe inasafiri, kama mita 14 kwa fremu moja. Kwenye jikoni haikuhusu, ukija kupiga nje ufukweni itakuhusu.

Kaole_Pichani

Mdogo wangu siku ukipiga zilizobaki niambie, nikipata nafasi nakuja na ule mfuko wa sponji, Bagamoyo mpaka Tanga ni basi moja tu la kuunganisha pale Msata.

Binti_Ngamiani

Njoo dada, karibu sana, utalala kwetu. Tunapiga Jumapili ya wiki ijayo alfajiri. Nimeshasikiliza mazungumzo mazima kama mzee alivyosema, nimechagua sentensi saba za kuuona mdomo, zingine zote mikono na uso wa kijana.

Leo nimekata ile shoti ya kwanza kwa kutoa fremu kwenye mapumziko. Mama anasema "mbona hukuandika hata barua", anagonga kijiko ukingoni mwa sufuria, na kile kijiko kinalia palepale kinapogusa.